Nilimdanganya Mume Wangu Asimeze Dawa Siku za Giza

Admin, jina langu libaki hukohuko inbox. Ukilitaja tu, Katonga nzima hapa Kigoma watanijua, na watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwa maneno Mungu ndiye anawajua. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, naishi Buzebazeba, nina watoto watatu. Kazi yangu ni kununua dagaa wabichi, kuwaanika na kuwauza. Mume wangu, nimwite Baba Asha, ni mvuvi.

Kwa wasiojua, dagaa wa kwetu wanavuliwa usiku kwa taa, siku za giza, yaani mwezi ukiwa haupo. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Basi mimi mume wangu nilimpima hivyohivyo. Giza likiingia alikuwa halali usiku wala mchana, anaongea bila kumeza mate, anapanga kununua mitumbwi mitatu kwa mpigo. Nami najisifu kwa wenzangu, "Mume ninaye, jembe!" Mbalamwezi ikija analala kageukia ukuta, hali, haogi. Nikasema kachoka na kazi. Mpaka giza likaingia tena na hakuinuka. Wenzake wakaja kumwita, akalia kama mtoto, anasema bora afe. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mama mkwe akasema mwanawe karogwa. Mwaka mzima tulizunguka kwa waganga. Mwisho jirani yangu mmoja akanikemea, "Mpeleke hospitali wewe, acha ujinga." Daktari akatuambia ni bipolar, ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, akatupeleka kwa mshauri, mama mmoja mpole. Nilidhani atamchoma sindano yaishe. Kumbe ni kuongea! Nilinuna kwelikweli, tumeacha kazi kuja kupiga stori? Lakini kadiri tulivyokwenda nikaanza kuelewa. Kumbe ile bidii niliyojisifia ilikuwa ugonjwa, na ule uvivu niliomnunia nao ugonjwa uleule. Akafundishwa kuzijua dalili zake, akianza kukosa usingizi aniambie mapema. Siku moja akasema mbele ya mshauri, "Nikiwa juu naogopa kushuka. Nikishuka naona aibu hata kumtazama mke wangu." Miaka kumi na miwili ya ndoa sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nililia palepale.

Mshauri akatuambia dawa ni kila siku, usingizi wa usiku nao ni sehemu ya dawa, kwa hiyo uvuvi wa taa auache. Mimi nikapewa kazi ya kumpa vidonge.

Akakaa nchi kavu, akawa ananisaidia kuanika. Jamani, alikuwa mzima! Anatania watoto, anakagua madaftari yao, anakula anashiba. Ila kwetu kuanika dagaa ni kazi ya wanawake. Wakaanza midomo, "Mama Asha, umeajiri dada wa kazi mwenye ndevu?" Yeye alikuwa anacheka tu. Mimi ndiye niliyeumia. Na nyumbani nako mambo yakabana. Siku niliyokwenda peke yangu kuchukua dawa nikarudi na uongo: "Mshauri amesema siku za giza usimeze, uende ziwani. Mbalamwezi ikija utaendelea."

Akaniangalia. "Kweli kasema hivyo?"

"Kweli."

Akaniamini, akaenda kutoa nyavu.

Giza la kwanza lilipita salama, nikajiona mjanja. La pili, asubuhi mtumbwi umefika mwaloni, akasimama juu yake kifua wazi anapiga kelele, "Chukueni, leo bure!" Na watu ninaouza nao kila siku, wanaomjua hali yake, wakajaza mabeseni yao kwanza. Kisha akajitupa majini, anasema anaogelea mpaka Kongo. Wakamtoa, wakamfunga kwa kamba za nyavu pale mchangani, huku simu zinarekodi. Asha wangu wa miaka kumi na mmoja alikuwepo, aliona baba yake amefungwa. Mama mkwe alipofika alipiga ukelele, "Mawe we! Mwanangu!" akaanguka chini.

Hospitali wakaniuliza, "Dawa anameza kila siku?" Nikajibu, "Kila siku." Wakambadilishia dawa ambayo haikuwa na kosa lolote.

Sasa karudi nyumbani, ameshuka vibaya. Juzi ananiambia kwa sauti ya chini, "Mama Asha, nimefuata kila walichosema, na bado. Mimi si wa kupona. Nirudishe kwa mama, wewe bado kijana, tafuta mwanaume mzima." Halafu akaniomba msamaha. Yeye, ananiomba msamaha mimi! Nilitoka nje nikajifanya nageuza dagaa, machozi yananitoka kama mfiwa.

Alhamisi ni siku ya kwenda kwa mshauri, amekataa. Jumamosi mama yake anataka kumvusha ng'ambo ya ziwa kwa mganga. Na niwaambie lililo baya zaidi: nilipomsikia anakataa kwenda kwa mshauri, moyo wangu ulitulia. Maana akienda atazitaja zile siku za giza, na mimi nitajulikana. Nimejichukia toka hapo.

Nikimwambia ukweli, ndugu zake watanifukuza, pengine na yeye mwenyewe. Naogopa pia uchungu usije ukammaliza, kwa hali aliyonayo. Nikinyamaza, ataacha matibabu akiamini hayakumsaidia, wakati aliyemwangusha ni mimi.

Wenye kutukana tukaneni, nimestahili, ila mkimaliza mnielekeze pa kuanzia. Na wewe unayeugua kama yeye, nakuomba unijibu wa kwanza: mkeo akikwambia haya yote, utakubali tena kupokea kidonge mkononi mwake?