Asilimia Tisini na Sita za Dada na Shemeji

Nyie, dada yangu alitaka kuvunja uchumba kwa sababu ya gemu. Gemu la kwenye simu!

Na mchumba mwenyewe daktari wa meno, mpole, anasalimia mpaka paka.

Gemu lenyewe ni hadithi. Umerithi jengo la ghorofa, wapangaji wanakugongea mlango na vituko vyao, wewe unaamua kabla muda haujaisha. Mwisho linakwambia ni mtu wa aina gani. Mkicheza wawili, kila mtu na simu yake, linawapa na asilimia za kuendana.

Dada akatangaza mezani, "Tusipofika themanini, pete namrudishia."

Mama akashika kichwa. "Wewe mtoto, kadi zimeshasambazwa!"

Haambiliki.

Sasa cheki maajabu. Dada ni mhasibu, na ilikuwa mwisho wa mwezi. Akanirushia simu. "Mdogo wangu, nichezee. Wewe unanijua."

Mimi tena? Nikajiachia. Mlinzi kaiba maji ya tangi, nikamfukuza. Nikamwonea huruma, nikamrudisha. Ghorofa ya tatu kuna kasuku anatukana majirani. Nikamwacha, tena nikamfundisha matusi mapya.

Shemeji naye akatuma ya kwake. Majibu: asilimia tisini na sita!

Dada alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa.

Jumapili shemeji akaja na mama yake, muuguzi mstaafu, sauti ya kuamsha wodi nzima. Dada akajilegeza. "Yaani mpenzi, hata yule kasuku hukumfukuza!"

Shemeji akakodoa macho. "Kasuku gani?"

"Yule mtukanaji?" mama yake akadakia. "Nimfukuze kwa lipi? Nilimwongezea na matusi!"

"Mama!"

"Mama nini? Si ulinipa simu mwenyewe, eti mama nichezee nisije nikakosea?"

Mdomo wangu nao hauna breki. "Heee! Na mlinzi je?"

"Nilimfukuza, roho ikaniuma, nikamrudisha."

"Na mimi!"

Tukagonga mikono.

Ndiyo hivyo. Aliyeendana na mama mkwe ni mimi.

Dada aliniangalia kama nimeuza nyumba ya ukoo. Akavua pete. Shemeji akaanza kujifuta jasho kwa kitambaa cha meza.

Mama yangu akasimama. "Kaeni hapo mcheze wenyewe. Na nisisikie mtu anawasaidia."

Wakaanza. Mlinzi kaiba maji.

Dada akanigeukia. "Nimfukuze?"

Nikatazama dari.

Shemeji akamtumbulia mama yake macho kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Mama yake naye kauchuna. Muda ukaisha.

Kasuku akaja, akatukana, muda ukaisha. Mpaka mwisho wa hadithi hakuna aliyebonyeza kitu.

Simu zikalia pamoja.

Asilimia mia moja. "Mnaendana kikamilifu. Wote mnasubiri mtu mwingine aamue."

Unadhani waliona aibu? Wapi! Walikumbatiana wakalia kwa furaha, pete ikarudi kidoleni, harusi iko palepale.

Funzo ndugu zangu: ukitaka kumjua mchumba wako, achana na majibu yake. Angalia anamgeukia nani kabla hajajibu. Huyo ndiye unayeolewa naye.

Mimi na mama mkwe tumeshawachagulia mapazia. Ya kijani. Wao hawajaulizwa.