Harufu Ndani ya Kibasi cha Mama Ghanim

Mama Ghanim alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili. Kibasi chake cheupe aliachiwa na marehemu mumewe. Ulimi wake alizaliwa nao. Kila asubuhi alitukusanya walimu saba wa kike kutoka Abu al-Khasib akatupeleka shuleni Basra, na mchana akaturudisha. Wanaume wa mtaa walipomuuliza kama haoni haya kuendesha gari, aliwajibu, "Naona. Ndiyo maana nafunga vioo."

Na vioo vikifungwa mwezi wa Mei, kiyoyozi ndicho roho yenu. Sasa kiyoyozi hicho kikaanza kunuka. Ukikiwasha, unapata kwanza soksi mbichi iliyosahauliwa ndooni, halafu kitu kilichochacha, kisha unaomba mfike.

Kiti cha mbele kilikuwa cha Bi Bahija, naibu mwalimu mkuu, mwalimu wa jiografia. Hakukilipia zaidi yetu, ila hakuna aliyethubutu kukikalia. Siku ya tatu ya harufu ile aligeuza shingo nusu tu.

"Wengine wetu," akasema, "tunatoka nyumba za samaki. Si kosa la mtu, lakini kuna sabuni."

Sote tulijua anamsema nani. Sajida, mwalimu mpya wa sayansi, baba yake huuza samaki sokoni. Kesho yake alikuja amejimwagia marashi hadi tukapiga chafya mpaka shuleni, na tangu siku hiyo akawa anakaa kiti cha nyuma kabisa, mkoba mapajani, kama mtu anayeogopa kugusa chochote. Mama Ghanim alimtazama kwenye kioo.

Alijaribu kufukiza udi garini. "Sasa kinanuka kama maiti aliyekwenda harusini," akaniambia. "Ijumaa nisindikize kwa fundi. Nataka shahidi."

Fundi Chasib, pande la mtu lenye masharubu ya kutisha, alitia pua kwenye tundu la hewa, akaitoa haraka. Akaingia chini ya gari.

"Mama, maji hayatoki. Kiyoyozi lazima kitoe jasho. Hiki kimeziba."

Alipopuliza kibomba, maji ya rangi ya chai yalimrukia kifuani. Akajifuta, akasema hiyo ni nusu ya kesi. Chujio la hewa liko nyuma ya droo ya dashibodi, mbele ya kiti cha Bi Bahija. Akaichomoa droo, akavuta chujio. Akaruka panya. Fundi Chasib naye akaruka, tukamkuta amesimama juu ya rundo la matairi.

"Shuka, baba," Mama Ghanim akamwambia. "Ameshaenda kuwaita wenzake."

Juu ya chujio kulikuwa na kiota: maganda ya mkate yaliyooza, manjano kwa achari ya embe, vipande vya yai, na karatasi zilizotafunwa. Mama Ghanim alinyoosha moja gotini. Ulikuwa mtihani wa jiografia. Droo ilikuwa na tundu kwenye kona, na ndani yake kifurushi kingine kizimakizima, mkate wa yai na achari, kimefungwa kwa karatasi zilezile.

Tukatazamana. Daktari alishamkataza Bi Bahija chumvi, na dada yake anayeishi naye humpekua mkoba kila asubuhi. Sisi alituambia anaishi kwa matango; kumbe alinunua mkate shuleni na kuuficha humu.

Fundi alisafisha ndani kwa povu la dawa, akaweka chujio jipya. "Ukikaribia kufika, zima ubaridi, acha feni iendelee dakika chache ikaushe. Ukizima vyote pamoja, unyevu unavunda humo humo."

"Mwonyeshe kila mtu mkate huu Jumapili, shule ikifunguliwa," nikamwambia Mama Ghanim njiani.

"Nimwaibishe mtu mzima? Hapana. Nitamchokoza kidogo tu."

Jumapili Bi Bahija alipanda, akangoja tupite daraja, akafungua droo taratibu akijifanya anatafuta kitambaa. Mkate haukuwamo. Kulikuwa na ule mtihani uliotafunwa, umenyooshwa vizuri, na juu yake kwa wino mwekundu: *Panya. Alama tano kati ya kumi. Mto Dijla ameujua, mto Furati ameula.*

Akaifunga droo. Masikio yalimwiva.

"Kiyoyozi kimepona, Bi Naibu," Mama Ghanim akasema, macho barabarani. "Unasikia harufu yoyote ya samaki?"

"Sisikii."

"Sema kwa sauti. Mwalimu Sajida yuko mbali."

Nilidhani Bi Bahija atawaka kwa hasira. Badala yake aligeuka mzimamzima.

"Sajida, mwanangu, njoo ukae mbele."

"Niko sawa hapa, Bi Naibu."

"Nilikudhulumu. Harufu ilikuwa yangu."

Mwalimu wa hesabu aliuma ushungi wake asicheke.

"Ya panya," Mama Ghanim akaingilia. "Bi Naibu anamaanisha panya alijenga upande wake. Haya, badilishaneni viti, nimesimama."

Sajida alikwenda mbele. Mwanzoni alikaa ukingoni, halafu upepo ukampiga usoni, akaegemea. Bi Bahija alikaa nami nyuma, akaniuliza kwa kunong'ona kama dada yake ameambiwa. Nikamwambia bado. Akanishika mkono mpaka shuleni.

Mama Ghanim siku hizi huulizwa habari za viyoyozi vinavyonuka na madereva wa mtaa, hata wale wa maswali ya haya. Huwauliza kama maji yanadondoka chini ya gari. Kisha huwauliza nani hukaa mbele.