Farasi Niliyemsimamisha

Harufu ya ngozi mpya ikinipitia puani, hata leo, mgongo unanyooka wenyewe na visigino vinataka kushuka. Hapa Guangzhou ukitaja ngozi watu wanawaza mikoba ya Shiling, kitongoji cha viwanda vya ngozi, na mama yangu naye alianzia huko. Kila wiki tulipanda basi kutoka Xiaobei, mtaa wetu wa wafanyabiashara Waafrika, kwenda kuchukua mzigo wa duka lake la Kariakoo kwa Laoban Huang, yaani bosi Huang, mwenye kiwanda, mzee mnene mwenye sauti ya upole ambaye alipenda farasi kuliko mikoba. Faida ya mikoba aliimwaga kwenye mabanda yake kaskazini ya mji, alikofuga farasi wa mashindano. Mama akiketi kubishana bei, na mama yangu kubishana alikuwa anajua, mimi nilipelekwa mabandani nisiwasumbue. Nikaanza kwa kuangalia, nikaishia juu ya tandiko, wala sikumbembeleza mtu.

Msimu ninaousimulia ni ule nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, joto la mji lilipoanza kulegea na asubuhi zikawa za kuvumilika. Mwalimu wa mabanda aliitwa Fang, mwanamke mkavu wa maneno, mwenye mikono iliyokauka kwa maji ya baridi na sabuni ya ngozi. Alitufundisha mashindano yenye sehemu tatu, na farasi ni yuleyule kwa zote: kwanza anatembezwa uwanjani kwa madaha mbele ya waamuzi, kisha anakimbia nyikani akiruka magogo, mitaro na madimbwi, mwisho anaruka vizuizi vya miti inayoanguka akiigusa tu. Lakini kabla ya kupanda, kila alfajiri, tulipapasa miguu ya farasi kuanzia bega hadi ukwato, tukitafuta joto au uvimbe. Mimi nilipewa farasi jike wa kijivu aliyeitwa Xiaoyu, jina lenye maana ya mvua nyepesi, na mama akamwita Manyunyu. Alikuwa mkaidi, mwenye wivu, na alinuka jasho tamu la majani makavu. Miguu yake niliijua kuliko nilivyojua masomo yangu ya hesabu, na nilimpenda waziwazi, bila aibu.

Pale Xiaobei walinicheka. Mjomba Sefu, ambaye si mjomba wa damu bali wakala wa mizigo aliyefahamiana na mama tangu Dar, alizoea kuniuliza kama farasi wangu naye atapakiwa kwenye kontena. Waliuliza mtoto wa kike wa Kiislamu anatafuta nini juu ya mnyama. Nilivaa kofia ngumu juu ya mtandio wangu nikawaacha waulize. Ila siku ya mashindano yenyewe walikodi gari wakajaa, wakaja na chupa za chai na sambusa, kwa sababu habari ilikuwa imewafikia kwamba baada ya sehemu ya kwanza mimi, mtoto wa mama Zuhura, ndiye ninayeongoza.

Asubuhi ile ya nyikani Manyunyu aliruka vizuri kuliko siku zote. Magogo aliyapita, dimbwi aliliingia bila kunusa. Tulipotua ng'ambo ya mtaro mkubwa nikasikia mwilini hatua moja imekosekana. Mguu wa mbele wa kulia uligusa ardhi ukaiacha upesi kuliko wenzake. Masikio yake yalikuwa mbele, bado anataka kukimbia, na angekimbia mpaka aanguke maana ndivyo alivyoumbwa. Vilibaki vizuizi vichache, bendera za mwisho nikiziona. Mwalimu Fang alikuwa kando ya kamba akipunga mkono na kupaza sauti, "Endelea, endelea." Nikavuta hatamu, nikainua mkono juu, ambayo ndiyo ishara ya kujitoa, na ukishaitoa hairudi. Nikashuka nikamwongoza kwa miguu kutoka uwanjani, mbele ya watu wote wale.

Daktari wa mifugo alimkunja miguu, akamkimbiza kwenye sakafu ngumu, akamkimbiza tena. "Mei wenti," akasema, hakuna tatizo. Ningependa kukuambia kwamba jioni ule mguu ulivimba. Haukuvimba. Kesho yake pia haukuvimba. Kwenye gari la kurudi mjomba Sefu alishindwa kunyamaza. "Binti, mtu anaongoza anashukaje?" Mama alitazama dirishani njia nzima, sambusa zikiwa mapajani mwake hazijafunguliwa.

Siku chache baadaye Laoban Huang alituita ofisini Shiling. Alitumiminia chai mwenyewe, akazungumza na mama kwa upole wake uleule. Hakuwa na hasira, alisema. Mtoto ni mtoto. Niende mabandani, nisimame mbele ya wanafunzi wenzangu na Mwalimu Fang, niseme kwamba niliogopa. Neno moja tu, kisha Manyunyu atabaki wangu mpaka mashindano yajayo. Nisiposema, atapewa msichana mwingine. Nilimtaka farasi yule kuliko kitu chochote duniani, na neno lenyewe lilikuwa dogo. Mama akanigeukia.

"Uliogopa?"

"Hapana, mama."

"Mguu una hakika nao?"

"Nina hakika."

Alinitazama kidogo, jinsi alivyotazama mshono wa mkoba kabla ya kuukubali au kuukataa. Kisha akaweka kikombe chini. "Bu yao, laoban," akasema. Sitaki. Neno hilohilo alilotumia sokoni kila siku kukataa bei mbaya, safari hii akiwa amekwisha simama na pochi yake begani. Mzigo wake wote ulitoka kwa mzee yule, na baada ya siku ile tulianza upya kuzunguka kwa watengenezaji wasiotujua. Hakunilaumu kamwe. Nililia kwenye basi mpaka Xiaobei, kwa hasira, na mama akaniacha nilie.

Sasa mimi ni wakala wa mizigo kama mjomba Sefu, siku zangu zinakwisha nikifuatilia makontena bandarini Nansha. Sijapanda farasi tena mashindanoni. Wenzangu wa mabandani wana medali ukutani, wengine wanafundisha, na kwenye harusi za Watanzania hapa bado yupo mtu wa kuniuliza kwa nini nilishuka. Mwaka jana nilikuwa nakula mchana mgahawani kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu, akaingia Mwalimu Fang, nywele nyeupe, akanitambua. Alikaa. Akaniambia Manyunyu yu hai, mzee sasa, anabeba watoto wadogo wanaoanza kujifunza. Kisha akauliza lililomkaa moyoni miaka yote hii.

"Umeshakuwa mtu mzima, niambie ukweli. Uliogopa, siyo? Maana yule farasi hajachechemea hata siku moja maisha yake yote."

"Basi nilimsimamisha kwa wakati," nikamjibu, nikamsogezea chai.