Bangili Sita na Marashi ya Kilburn

Namshukuru Mola aliyenipa vidole kumi vinavyotii, akanitoa Unguja nikiwa mzima, akanipa riziki katika nchi ya baridi na majirani waliotuletea blanketi kabla hawajatujua majina. Rehema na amani zimshukie Mtume wake. Namshukuru zaidi kwa subira. Bila subira kisa hiki kisingefika mwisho, na mimi katika kisa hiki naupenda mwisho kuliko pengine pote.

Sisi ni Wahindi wa Unguja. Tulipoingia London nilikuwa msichana, na mkononi nilivaa bangili sita za dhahabu za marehemu mama yangu. Nilipata kazi kiwandani, kulehemu nyaya za redio, nikalehemu miaka mingi. Kompyuta za mezani zilipoanza kuingia majumbani, kiwanda kilikuwa kimeshafungwa, nikaajiriwa katika duka dogo la Kilburn lililokuwa likiunga kompyuta na kuziuza. Mwenye duka alikuwa Mpunjabi wa Mombasa. Mimi Kipunjabi sikijui, yeye Kikachi changu hakijui, basi duka zima tulizungumza Kiswahili, na Waingereza waliokuja kununua nadhani walifikiri hiyo ndiyo lugha ya kompyuta.

Kazi ile niliipenda. Kwanza unagusa chuma cha kasha, umeme uliojificha katika sweta ukutoke. Kisha unafunga viguzo vidogo vya shaba ndani ya kasha, kila kimoja mahali pake, maana juu yake ndipo unapokaa ubao mama, ule ubao mpana unaobeba kila kitu, na ubao huo ukigusa bati la kasha umekwisha. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, haitaki nguvu. Unainua kijimkono chake, unaiacha ikae yenyewe, unakishusha. Vijiti vya kumbukumbu ndivyo vinavyotaka kusukumwa mpaka usikie vikilia. Na kabla ya yote hayo nilikuwa navua bangili zangu sita, nazifunga katika leso, naziweka mfukoni. Sijapata hata siku moja kushika ubao na bangili mkononi. Naomba msomaji alikumbuke hili.

Siku moja ya Alhamisi tulikuwa na kompyuta kubwa kuliko zote tulizowahi kuunga, ya daktari mmoja wa hapo jirani. Nilikuwa nimemaliza, imebaki kufunikwa tu. Mama yake mwenye duka, bibi mkongwe mwenye upole, alikuja na udi na mrashi wake wa fedha wa kunyunyizia marashi, kuibariki, kama tunavyobariki nyumba mpya na bibi harusi. Nikamwamkia, nikaenda nyuma kutia udhu na kuswali adhuhuri.

Niliporudi duka lilinukia mawaridi. Daktari amefika. Mwenye duka akabonyeza kitufe. Kilisikika kishindo kidogo, kama njugu ikipasuka, kisha harufu ya kuungua ikaimeza harufu ya mawaridi.

Nilitazama ndani ya kasha. Chini ya feni palikuwa na tone la maji limening'inia. Nikamtazama mwenye duka. Alikuwa akipangusa pembe ya ubao kwa kitambaa chake, na kitambaa kilikuwa kibichi. Kwa hiyo alijua. Hapo hapo akageuka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Ni bangili zako hizo! Mara ngapi nimekwambia? Mwanamke na dhahabu yake, hata kazini!"

Bangili zilikuwa bado zimo ndani ya leso.

Nilifungua mdomo. Lakini bibi mzee alikuwa ameketi kitini na kikombe cha chai, ananitazama kwa huruma, mrashi mapajani. Ningesemaje? Nimwambie mama wa watu mbele ya mgeni kwamba baraka yake ndiyo iliyounguza? Nilifunzwa kwetu kwamba mkubwa haaibishwi. Nikafunga mdomo. Jioni ile nikaambiwa nisirudi tena.

Kazi ni riziki, na Mungu hufungua mlango mwingine. Jina ndilo lililoniuma. Hadithi ilinitangulia hadi Queensbury, tulikokuwa tukiishi, na kila duka la mitambo nililoliendea walitazama mikono yangu kwanza. Msikitini wanawake walinitania. "Mama Bangili, usiniguse, nimevaa saa!" "Mama Bangili, kaa mbali na taa!" Nilicheka nao. Nyumbani niliweka bangili mezani nikazitazama, kisha nikazivaa tena zote sita, na tangu siku hiyo sikutoka mlangoni bila hizo.

Baada ya kila swala ya alfajiri nilimwombea mwenye duka. Nisieleweke vibaya. Nilimwombea afya njema na umri mrefu, asije akafa kabla ya siku yake. Akikohoa msikitini, nilipata wasiwasi wa kweli. Nilimtumia asali.

Miaka ikapita. Duka lake likakua. Jumapili moja likatoka tangazo kwamba ataipa madrasa yetu ya Queensbury kompyuta, tena ataiunga mwenyewe ukumbini, mbele ya watu, waone kazi. Niliswali rakaa mbili za shukrani. Siku yenyewe nikafika mapema, nikakaa upande wa wanawake, mwisho wa pazia, mahali unapoona meza yote.

Sitaficha nililolitaka. Nilitaka iungue. Nilitaka watu wote wauone moshi. Nilimchambua kama mtu anayechambua mchele, natafuta jiwe. Viguzo vya shaba, vyote amefunga. Ubao umekaa sawa. Prosesa hakuisukuma. Fundi ni fundi, nalisema hilo kwa uchungu.

Kisha mama yake akainuka. Sasa alitembea kwa mkongojo, na mrashi ulikuwa mkono wa pili.

Nikajiambia, nyamaza tu. Atarashia, itaungua, nitakwenda zangu. Lakini nikafikiri zaidi. Ikiungua bila mtu kujua sababu, watu watampa pole. Pole! Mimi sikungoja miaka yote hiyo ili apewe pole.

Mwanawe alimwona, akashtuka. "Mama, ngoja kwanza. Nimalize, nifunike."

"Ufunikie nini?" akasema bibi. "Mimi siku zote hurashia kabla, baraka iingie ndani."

"Leo ngoja tu, Mama."

"Kwani kuna nini leo?"

Hapo nikasimama. Sauti yangu niliilainisha kama ya mtoto anayesoma mbele ya mwalimu.

"Shikamoo Bibi. Hata siku ile ya Kilburn, ile kompyuta ya daktari, uliirashia ndani?"

Alinitafuta kwa macho, akanijua. "Marahaba mwanangu. Ndiyo! Ile niliirashia sana, ilikuwa kubwa. Mpaka chini kule. Wewe ulikuwa umekwenda kuswali."

"Na bangili zangu nilikuwa nimezivua, Bibi. Zilikuwa katika leso, mfukoni."

Nyuma yangu mwanamke mmoja, yule wa saa, akasema polepole, "Ala!"

Bibi mzee alitazama mrashi wake. Kisha akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa ametoa kitambaa na anajipangusa shingo.

"Uliniambia ni bangili zake."

"Mama, si mahali pake hapa."

"Ulijua?"

Hakujibu. Kwa umri wangu wote sijasikia kimya kitamu kama kile, na Mungu anisamehe ikiwa ni dhambi. Nimesoma kwamba Yeye hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Nilikuwa nimedhulumiwa. Na lililosemwa wala halikuwa baya, lilikuwa swali tu.

"Ondoka hapo," bibi akamwambia mwanawe, kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, njoo umalize wewe."

Nilipita pazia. Nilivua bangili moja moja mbele ya watu wote, bila haraka, nikazitia katika kiganja cha bibi. Nikagusa chuma cha kasha. Mwenye duka alikuwa bado kasimama, hajui aweke wapi mikono.

"Bwana," nikamwambia, "nishikie bisibisi."

Akashika. Nilisukuma kijiti cha kumbukumbu kikalia, nikaunganisha nyaya za umeme, nikafunga skrubu za mwisho, na kila skrubu nilinyoosha mkono kuomba bisibisi, kisha nikamrudishia aishike tena. Skrubu zilikuwa nne. Natamani zingekuwa arobaini. Nikafunika. Nikabonyeza. Feni ikazunguka, kioo kikawaka.

Mlangoni, watu wakivaa viatu, alinifuata akaninong'oneza, "Dada, nisamehe."

"Ulinituhumu kwa sauti," nikamwambia. "Sina masikio ya kunong'onezwa."

Akasimama pale na kiatu kimoja mguuni. Kisha akarudi ndani, akasema, akasikika. Nami nikajibu kwa sauti vilevile kwamba nimesamehe, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kushiba.

Mama yake ndiye aliyenitia machozi. Alinirudishia bangili zangu, kisha akainua mrashi na kunirashia viganja vyote viwili, mpaka maji yakanitiririka viwikoni.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mola ailinde mikono yako na jina lako, akupe subira isiyooza, na aliyekudhulumu ampe afya na umri mrefu, aifikie siku yake nawe ukiwa umekaa mbele. Amin.