Mstari wa Dhahabu Saa ya Bendera

Mstari ukianza hausimami: hiyo ndiyo sheria pekee niliyomsikia fundi rangi wa mji wetu wa Kasongo akiitamka. Pikipiki kuukuu zilizoliwa na kutu aliletewa hata kutoka mbali, Wamaza. Alizisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akazipaka rangi nyeusi tabaka kwa tabaka, akiipapasa kwa mgongo wa kidole kama mama apimaye homa ya mtoto. Mwisho, kwa brashi ya manyoya ya mbuzi, alichora mstari wa dhahabu ubavuni mwa tangi, pumzi ameibana. "Fundi, pumua, tusije tukakuzika!" watu walimtania. Hakucheka mpaka brashi iinuke.

Wabelgiji waliotutawala nao walikuwa na sheria yao: jioni tarumbeta ikilia na bendera ikishuka, kila mtu asimame wima. Siku moja ililia mstari ukiwa katikati ya tangi la pikipiki ya Sumaili, muuza nguo. Sote tulisimama. "Wee fundi, simama! Drapo inashuka!" alifoka askari, naye mwenyewe amepiga saluti, hawezi kusogea. "Simama, ndugu yangu, watakufunga," Sumaili alinong'ona. Fundi hakugeuza shingo. "Mstari bado kufika," alisema. Mimi sisifu ukaidi, nasema nilichokiona. Mstari ulifika mwisho umenyooka, bila fundo. Ndipo akasimama, tarumbeta imekwisha nyamaza. Askari akamchukua. Asubuhi alichapwa fimbo mbele ya gereza, watu wote wakitazama.