Nilisomewa Jini Lisilokuwepo

Admin, nifichie jina, na nyinyi wenzangu nisomeni mpaka mwisho kabla hamjanihukumu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa Magongo, Changamwe, na bado hatujajaliwa mtoto. Natengeneza kadi za harusi kwa kompyuta nikiwa nyumbani. Mume wangu anafundisha kompyuta katika chuo kimoja huku huku Changamwe, na kompyuta hiyo ninayofanyia kazi alininunulia yeye tulipooana.

Mwaka jana alianza kunitajia mambo ambayo hakuna aliyemwambia. Mchana nazungumza na mamangu kwa simu, jioni tuko mezani ananiuliza, "Kwani mimi nimekuwa bahili tangu lini?" Neno lile lile nililomwambia mama, nikiwa peke yangu chumbani, mlango nimeufunga. Nikimuuliza amelijuaje, ananitazama kama anayemhurumia mgonjwa. "Mbona umeniambia mwenyewe? Usingizini. Tena kwa sauti si yako."

Wallahi niliamini. Nikawa naogopa hata kulala. Mama mkwe anaishi Kisauni, mtu mwema sana kwangu, na alipopata habari alilia. "Mwanangu, hilo ni jini, na ndilo linalokuzuilia mimba." Akamtafuta ustadhi. Nilisomewa, nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, nikafukizwa mpaka macho yakavimba. Muda wote ule mume wangu alikuwa amenishika mkono. Alilia, jamani. Chozi lake lilinidondokea kiganjani.

Kitu pekee kilichokuwa kikinituliza ni kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Ni yeye aliyenianzisha, kisha akaniambia nimeshajua ya kunitosha. Nikaendelea mwenyewe kwa video. Siku moja somo likawa ni jinsi programu yako inavyoweza kuuagiza mfumo endeshi, yaani ule unaosimamia kila kitu ndani ya kompyuta. Unauomba ukufungulie faili, ukutajie folda, au ukuonyeshe programu zote zinazofanya kazi hata kama huzioni kwenye skrini. Nikaandika mistari michache, nikaiendesha. Majina yakateremka. Moja lilijiita msaidizi wa printa. Sisi hatuna printa, kadi zangu huchapishwa dukani.

Nikauuliza mfumo programu ile imewekwa wapi, ukanipeleka kwenye folda iliyofichwa. Ndani mlikuwa na faili za sauti peke yake. Nikafungua moja, nikajisikia mimi. Nilikuwa juu ya msala, siku ile ile ya kusomewa, wageni wameshaondoka, namlilia Mola aniondolee jini, na kama kukosa mtoto ni adhabu ya kosa langu basi anisamehe. Nilidhani nimebaki na Mola wangu tu. Kompyuta ilikuwa mezani, inasikiliza.

Mume wangu aliporudi nikamwekea asikie. Hakushtuka. Alivua viatu, akakaa kitandani. "Ndiyo, niliiweka mimi. Nilitaka kujua kama unanipenda kweli."

"Na jini?" nikamuuliza. "Na kusomewa kote kule?"

Akasema polepole, "Haya, mwambie mtu uone. Nani atamsadiki mwanamke mwenye jini?"

Nilimpigia mama mkwe, nikampigia na kakangu mkubwa anayeishi Utange. Walikuja wote kesho yake. Nikaendesha ile programu yangu mbele yao. Majina yakateremka mpaka chini, la printa halipo. Folda nayo haipo. Alishafuta kila kitu, labda nilipokuwa jikoni nawapikia chai, na mimi sikuwa na akili ya kunakili hata faili moja.

"Iko wapi, dadangu?" kaka akauliza, kwa upole ulioniuma kuliko kofi.

Mume wangu akainamisha kichwa. "Mnaona wenyewe. Limerudi, na sasa limenigeukia mimi." Mama mkwe akanikumbatia, akaanza kunisomea sikioni.

Sasa niko Utange kwa kaka. Amenipokea vizuri, lakini wifi yangu huwatoa watoto chumbani nikiingia. Siwezi kuzungumza mpaka simu niifukie chini ya mto. Hata dua siku hizi naomba kimoyomoyo. Jana mama mkwe alinipigia kunibembeleza, nikaitika "Abee, mama," kisha nikamwambia nitampigia baadaye. Nitamwambiaje kuwa mwanawe alikaa akimtazama mamake akilia, huku anajua kwamba hakuna jini?

Ijumaa mume wangu anakuja na ustadhi kunichukua, na kaka ameshakubali. Nikikataa, watasema jini ndilo lililokataa. Nikirudi, nitalala kando ya mtu aliyenishika mkono siku ile. Na kibaya zaidi, kuna saa najiuliza kama ile sauti niliisikia kweli.

Nifanye nini, ndugu zangu? Na kama kuna fundi kati yenu, naomba anijibu hili kabla ya Ijumaa: faili iliyofutwa hivyo, inaweza kurudi? Kompyuta anayo yeye. Sitaki kumfunga mtu. Nataka kuisikia mara moja tu, kaka akiwa amekaa pembeni yangu.