Bisibisi ya Bi Bawaba

Mama mkwe wangu hakunipenda, nami sikumpenda, na kwa miaka sita tuliyoishi nyumba moja hakuna aliyejisumbua kujifanya. Wanaosema mavi ya kale hayanuki hawakuwahi kukaa na mtu kama yeye. Uji niliouunguza wiki ya harusi yangu alikuwa bado anausikia harufu mpaka mwaka jana.

Mtaani na kazini aliitwa Bi Bawaba. Kwa miaka thelathini na moja alifunga bawaba za milango ya makabati kwenye karakana moja ya samani. Alianza kwa kumshikia mume wake milango wakati anafunga, na mume alipofariki akachukua sanduku la vifaa na kusimama kwenye benchi lake. Wanaume wa pale walicheka mpaka wakachoka. Mlango uliofungwa na Bi Bawaba ulikuwa unausukuma kwa kidole kimoja nao unakwenda kujifunga wenyewe, haukwaruzi, haulii. Hilo siwezi kumnyima, hata kwa chuki niliyokuwa nayo.

Alikuwa na msemo mmoja, na huo ndio ulionitoa roho. Fundi mwenzake akilalamika kwamba bisibisi ni butu, anamwambia mchagua jembe si mkulima. Mimi nikisema jiko letu halishiki moto vizuri, mchagua jembe si mkulima. Pasi ikiunguza shati la mwanawe, ni hilo hilo jembe na huyo huyo mkulima. Kwake hapakuwa na kifaa kibaya duniani, palikuwa na mikono mibaya tu, na miwili kati ya hiyo ilikuwa yangu.

Basi mkono wake mwenyewe ukaanza kuharibika. Kifundo cha mkono wa kulia kilivimba, na akawa hawezi kuzungusha kitu. Hakumwambia mtu. Mimi nilijua kwa sababu mwanamke wa jikoni huona kila kitu: alianza kunisogezea chupa ya chai ili nifungue mimi, halafu anageukia dirishani mpaka nimalize. Mtu aliyefunga skrubu maisha yake yote alikuwa ameshindwa na kifuniko cha chupa. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuwa na sababu ya kufurahi zaidi ya ubaya wa moyo. Kabla ya kuzaa pacha wangu nilikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha sare, na kiwanda kilikuwa kimeanza kuwaita tena washonaji wa zamani. Pacha walikuwa na miaka mitatu na hapakuwa na wa kukaa nao. Mume wangu kila nikimuuliza alijibu kwamba tusubiri, mama akistaafu atakaa na watoto. Mama naye alikuwa amesema mbele ya wote kwamba atastaafu siku atakayobebwa.

Karakana ikapata kazi ya zahanati mpya: milango arobaini ya makabati ya chumba cha dawa. Msimamizi alikuwa ameshamwona Bi Bawaba akiuficha mkono mfukoni. Akampa mtihani bila kuuita mtihani. Jumatatu afunge milango kumi, yeye atakuja kukagua. Ikiwa sawa, yote arobaini ni yake na benchi linabaki lake. Isipokuwa sawa, akapumzike.

Jumamosi iliyotangulia mama mkwe akaniambia nivae viatu, tunakwenda dukani, kwa sababu macho yake hayasomi maandishi madogo kwenye maboksi. Nilimuuliza tunanunua nini. Akatazama pembeni kama mtu anayekiri wizi, akasema bisibisi ya betri. Nikamkumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Akachukua mkoba wake, akatangulia.

Muuza duka alikuwa kijana wa maneno mengi. Akashusha drili nene yenye betri kubwa kama tofali, akasema hii ndiyo inayochukuliwa na mafundi wote, inatoboa zege. Mama mkwe aliibeba, mkono ukashuka nayo mpaka mezani. Akasema anataka ile ndogo ya kwenye kona. Kijana akacheka, akasema ile ni kichezeo cha kutundikia picha.

"Nimekuja kununua bisibisi," mama mkwe akamwambia. "Sikuja kutafuta mume. Lete."

Sijawahi kumwona mtu akichagua kitu vile. Kwanza aliipima urefu kwa shubiri, kwa sababu ilitakiwa iingie kati ya rafu mbili na mkono ubaki na nafasi. Akajaribu mpini ukiwa umenyooka, kisha akaukunja ukawa kama bastola, akakaa na ule uliokunjwa kwa sababu haukumlazimisha kupinda kifundo. Akasikiliza ikizunguka hewani. Halafu akatoa kwenye mkoba kipande cha chipbodi, yaani ule unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, pamoja na bawaba na skrubu zake, akaanza kufunga juu ya kaunta huku wateja wakisubiri.

Mbele ya mashine ile kulikuwa na pete yenye namba, moja mpaka kumi na tano. Nilimsomea karatasi: namba ndogo, nguvu ndogo. Alitaka kujua pete hiyo kuliko kitu kingine chochote. Chipbodi si mbao. Skrubu ikikazwa kupita kiasi inasaga tundu lake, na baada ya hapo inazunguka tu, haishiki kitu. Kwenye namba kumi skrubu ilizama na kuzunguka bure. Kwenye saba, hivyo hivyo. Kwenye nne kichwa cha skrubu kiligusa bawaba, mashine ikalia krr krr, ikakataa kuendelea. Alifungua na kufunga tundu lile lile mara nne, na mara zote lilishika. Akatabasamu, na kijana akatoa kitabu cha risiti.

Nyumbani akaomba rangi yangu ya kucha. Kwa kuwa hakuweza kuziona namba, ambazo zilikuwa ndogo kama punje za ufuta, alitaka niweke nukta nyekundu kwenye namba nne. Akishazungusha pete mpaka nukta ikutane na mshale uliochorwa kwenye mashine, basi. Nikaweka. Jioni ile alikaza kila bawaba iliyokuwa ndani ya nyumba yetu, akinung'unika kwamba nyumba yenye mkamwana hodari haiwezi kuwa na milango inayoning'inia hivi. Mkono haukumuuma hata kidogo. Wakati wa kula akamwambia mwanawe kwamba kwa mashine hii ana miaka mingine kumi ya kazi.

Miaka kumi. Nilihesabu umri ambao pacha wangu watakuwa nao.

Jumapili asubuhi, alipokwenda kuoga, nilichukua dawa ya kutoa rangi ya kucha na pamba. Nukta ya namba nne ikatoka mara moja. Nikaweka nyingine kwenye kumi na tano, nikaipulizia ikakauka, nikairudisha mashine kwenye chaja. Kazi ya dakika tatu. Sikusita, na atakayesema shetani alinipitia, mimi sikumwona.

Jumatatu mume wangu akasema nimpelekee mama chakula cha mchana. Nilikwenda na pacha wangu. Chumba cha dawa kilinuka rangi mbichi na gundi, na mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, kichwa ndani. Milango mitano ilikuwa imeshafungwa, yote imelegea. Alikuwa kwenye wa sita. Nilisikia mashine ikivuma, ikavuma, ikavuma, na ule mlio wa krr krr haukuja. Skrubu ikazama na kuzunguka bure. Akaitoa, akaitazama, akaanza nyingine.

Alifanya kila alichoweza kukifanya fundi. Alisogeza goti. Alishika mashine kwa mikono miwili. Alivunja njiti za kiberiti, akazipaka gundi, akaziba matundu yaliyosagika, nayo yakasagika tena. Akaangalia nukta, iko kwenye mshale. Akatoa bisibisi yake ya zamani ya mkono akajaribu nayo, akazungusha nusu duru, akaiachia ikaanguka sakafuni. Kisha akakaa chini kabisa, miguu imenyooka kama mtoto, akaunyoosha mkono wa kulia mbele ya uso wake na kuutazama. Unatetemeka, akasema, si kwa kuniambia mimi. Unapinda mashine.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na neno mdomoni, na nafasi, na hapakuwa na mtu mwingine mle ndani isipokuwa pacha wangu waliokuwa wakichezea vumbi la mbao. Nikafungua chakula, nikamwambia kinapoa.

Msimamizi akaja mapema kuliko alivyoahidi. Alifungua mlango wa kwanza, ukamjia mkononi na bawaba zake. Akaushika tu pale, akiwa hajui auweke wapi. Hakuwa mtu mbaya, na alimtafutia njia ya kutokea. Akasema huenda ni hii mashine mpya, Mama, hizi ndogo nyingine si za kazi. Ilikuwa kamba ya kuokolea, na mtu mwingine yeyote angeidaka.

"Mashine haina kosa," akasema mama mkwe. "Mchagua jembe si mkulima. Ni mkono wangu."

Alikusanya vifaa vyake mwenyewe. Hakukubali nimbebee sanduku.

Usiku ule nilirudisha nukta kwenye namba nne, kwa woga, siyo kwa majuto. Na hilo likawa baya kuliko lile la kwanza. Kesho yake alimwita mwanawe afunge skrubu moja kwenye kile kipande cha chipbodi. Mume wangu, ambaye hawezi hata kupigilia msumari ukaenda wima, alizungusha pete mpaka nukta ikafika kwenye mshale, akakandamiza, mashine ikalia krr krr na kusimama, skrubu ikashika sawasawa. Mama mkwe akaivuta kwa vidole, haikutikisika. Akatikisa kichwa polepole. Hakuomba kujaribu yeye, kwa sababu alikuwa ameshapata jibu lake.

Mimi nikarudi kiwandani. Yeye akakaa na pacha, akawafundisha kunawa, akawafundisha kunyamaza, akawa hanigombezi tena kuhusu uji. Nilidhani nimeshinda. Lakini kila mtu aliyebisha hodi kuomba amtazamie mlango wa kabati alipewa jibu moja: mikono yangu imekufa. Jirani, mikono yangu imekufa. Fundi mwenzake wa zamani, mikono yangu imekufa. Alisema bila uchungu, kama anayetaja umri wake, nami nikawa nasikia mpaka nikiwa kwenye cherehani.

Siku moja nilirudi nimechoka, nikamkuta akimwambia hivyo mwanamke wa nyumba ya pili. Yule alipoondoka nikamgeukia kwa hasira, hasira ya kweli, nikamwambia aache. Nikamwambia mikono yake haikufa. Nikamweleza yote: pamba, dawa ya kucha, namba kumi na tano, Jumapili wakati akiwa bafuni. Nilimwambia nilifanya kwa sababu nilimchukia, na kwamba bado namchukia.

Nikajiandaa kwa kofi, kwa kufukuzwa, kwa mwanawe kuitwa. Nilivitaka vyote vitatu.

"Hujui kusema uongo," akasema. "Hata huu umekushinda. Ile mashine niliijaribu, ilikuwa nzima."

Nikamwapia kwa Mungu. Nikamwapia kwa uhai wa watoto wangu. Nilikwenda kuichukua mashine yenyewe nimwonyeshe, na nukta ilikuwa pale pale kwenye namba nne, niliyoiweka mimi. Akaniondolea mashine mkononi taratibu na kuiweka juu ya meza. Macho yake yalikuwa na maji.

"Umeamua kujipaka matope ili mimi nisione haya," akasema. "Miaka yote hii tunakaa, sikujua kama una huruma kiasi hiki, mwanangu."

Akaniwekea chakula, ile nyama nzuri aliyokuwa akimfichia mwanawe, akakaa karibu kunitazama nikila. Tangu siku hiyo hajawahi kuniita jina jingine. Ananiita mwanangu, nami naitika.